Marehemu Aliyetuchekesha Katesh

Kama gazeti hili limekufikia likiwa limefungia maandazi, na hujui huyu mwanamke anayelalamika ni nani, ngoja nikueleze upesi. Wanaonijua waendelee na chai yao kwanza.

Jina langu ni Gaudensia. Ni fundi cherehani hapa Katesh. Niliolewa na Ignasi, kijana wa Endasak, mtu mpole, maneno yake machache kama mvua ya Septemba. Akasikia habari za machimbo ya vito. Akaenda, na akamchukua mdogo wangu wa pekee, Tluway. Mwaka 2000 ikaja habari kwamba shimo limewafukia wote wawili na miili haipatikani.

Misa ikasomwa. Majeneza hayakuwepo. Machozi yalikuwepo ya kutosha, hasa ya watu waliokuja kuona kama kutapikwa wali.

Mama mkwe wangu, Mama Getruda, alilia kuliko wote. Alipomaliza kulia akachukua mbuzi, akachukua shamba, akachukua na cherehani. Mimi nilitoka Endasak na mkasi tu.

Wiki iliyopita niliwasimulia jinsi nilivyoanza upya hapa Katesh, na jinsi Mwalimu Festo alivyoleta suruali ipunguzwe kiuno, akairudisha iongezwe kiuno, akairudisha tena ipunguzwe, mpaka nikamuuliza kama anataka suruali au anataka mke. Mwaka huo, 2004, ndoa yetu ilikuwa imeshatangazwa kanisani mara mbili. Lilibaki tangazo moja.

Hapo ndipo tulipofika.

Sasa, Mwalimu Festo ni mtu mwema. Hanywi. Hapigi watoto wa watu fimbo za hasira. Lakini ana ugonjwa mmoja: anapenda filamu za mapenzi.

"Gaude," aliniambia, "Jumamosi mchana twende kwa Gidahosh. Ameleta mkanda mpya. Wa mapenzi, lakini wa kuchekesha."

"Mapenzi yote yanachekesha, Mwalimu. Ila anayecheka ni jirani."

"Hujawahi kuangalia hata mmoja. Unahukumuje?"

"Nimeona picha zilizobandikwa mlangoni. Zinanitosha."

Na kweli zilinitosha. Nilizijua hadithi zao bila kuingia. Mwanamke anaangusha vitabu, mwanamume anaokota, vichwa vinagongana, muziki unalia. Mimi nimeangusha mengi katika maisha yangu. Aliyeokota ni mama mkwe, na alichookota alienda nacho.

Halafu wanakimbizana ufukweni. Watu wazima! Kwetu ukiona mtu mzima anakimbia, ujue ng'ombe wameibwa.

Lakini Mwalimu alinitazama kwa macho yale ya mtu aliyeshonesha suruali moja mara tatu. Nikaenda. Nilienda kama mtu anayeenda kung'olewa jino.

Banda la Gidahosh lilikuwa la mabati, nyuma ya soko. Gidahosh ni kijana wa wafugaji wa huko tambarare. Aliuza ng'ombe wake akanunua televisheni, deki na jenereta, na baba yake akatangaza kwamba mtoto wake ameliwa na sanduku. Mlangoni aliandika kwa chaki: FIMBO ZIBAKI NJE.

"Karibu dada," alinisalimia. "Leo umeshindwa."

"Sijashindwa. Nimesindikiza."

Tukakaa kwenye benchi. Mbele yetu walikaa wazee wa Kibarbaig waliotoka mnadani, mashuka mabegani. Nyuma yetu akina mama wa soko, na vikapu vyao. Joto, vumbi, harufu ya petroli. Nikamwambia Mwalimu mapema: "Nikilala usiniamshe."

Mkanda ukaanza. Hoteli ya Dar es Salaam. Tajiri mmoja, tumbo mbele, miwani ya jua ndani ya nyumba. Nikatikisa kichwa. Nje ya hoteli, binti anauza supu. Tajiri anampenda binti. Nikatikisa kichwa tena.

Tajiri akaleta maua, karibu mzigo mzima.

Binti akayanusa. "Haya yanaliwa?"

"Hapana, mpenzi."

"Mbuzi wanakula?"

"Hapana, mpenzi wangu."

"Basi umeniletea kazi ya kutupa."

Kuna kitu kilinitoka kooni. Nikakifunika kwa kikohozi. Mwalimu akanigeukia.

"Vumbi," nilisema.

Lakini yule binti hakuacha. Tajiri akipiga magoti, yeye anamuuliza kama ameangusha senti. Tajiri akisema atakufa bila yeye, yeye anauliza matanga yatakuwa na nyama au maharage. Hakulia hata mara moja. Hakukimbia ufukweni. Alikuwa na mdomo kama wangu, na hakuna mtu kwenye mkanda ule aliyemwambia mwanamke hasemi hivyo.

Kikohozi changu kikazidi. Mwishowe nikaacha kukohoa, nikacheka wazi, na mama mmoja wa nyuma akanipiga begani kwa furaha kama tumezaliwa tumbo moja. Nilijionea aibu. Nilikuja na dharau yangu imepigwa pasi, na binti muuza supu alikuwa anaikunja mbele za watu.

Halafu akaingia mhudumu wa hoteli.

Mwembamba, ndevu nyingi, sinia la chai mkononi. Akamwagia tajiri chai kwenye suruali, akaifuta suruali kwa tai ya tajiri.

"We mshamba!" tajiri akafoka. "Unatoka wapi wewe?"

"Manyara, bosi."

"Manyara si ziwa?"

"Siku hizi ni mkoa, bosi. Mpya kabisa. Bado uko kwenye nailoni."

Banda likalipuka. Hakuna mtu huko Dar aliyewahi kututaja sisi, hata kwa kututukana. Wazee wa Kibarbaig wakaambizana kwa lugha yao, kisha wakacheka kuliko sote. Mama wa nyuma akamwaga karanga. Mimi nilishika mbavu. Miaka ilikuwa imepita tangu nicheke mpaka nishike mbavu.

"Rudisha!" watu wakapiga kelele. "Gidahosh, rudisha!"

Gidahosh akarudisha mkanda. Mhudumu akatoka kinyumenyume, chai ikapanda kutoka kwenye suruali ikaingia kikombeni, kisha akaja tena.

Safari hii niliangalia mkono ulioshika sinia.

Kidole chake cha shahada hakikuwa na ncha.

Nilijua ncha ile ilikobaki. Ilibaki Endasak, wiki ya harusi yangu, bwana harusi alipokuwa anachonga mpini wa jembe huku anamtazama bibi harusi. Nilimfunga kidonda kwa pindo la kanga yangu mwenyewe.

"Manyara, bosi," mhudumu akasema. Na chini ya zile ndevu, sauti ikawa ile.

"Rudisha tena!"

Banda zima likacheka mara ya tatu. Mimi nilikaa nikimwangalia marehemu mume wangu akimwaga chai.

Mwanamke mwenye akili angepiga yowe. Angezimia, angalau watu wammwagie maji. Mimi sikufanya hata kimoja, na nitawaambia kwa nini, mnicheke mkitaka. Nilitaka kujua muuza supu atamchagua nani.

Ndiyo. Mume wangu amefufuka ndani ya televisheni ya Gidahosh, na mimi nasubiri mwisho wa filamu.

Hakumchagua tajiri. Alinunua jiko la pili, akamwajiri tajiri awe anaosha bakuli. Nilipiga makofi.

Na mwisho kabisa, jikoni, mhudumu akasimama mbele ya msichana mmoja wa kuosha vyombo. Akakiweka kitambaa chake mezani. Akasema:

"Sina ng'ombe wa kukutolea. Lakini nina miguu ya kwenda kuwatafuta. Utaningoja?"

Maneno yale nilishayasikia. Si kwenye mkanda. Niliyasikia kwenye mashine ya kusaga Endasak, unga kichwani, miaka minane kabla ya siku hiyo. Nami nilijibu, "Nitakungoja." Nikangoja. Mnajua nilichovuna.

Lakini msichana wa mkandani alikausha mikono yake, akamtazama juu mpaka chini. "Nikikungoja nitachoka," akasema. "Twende wote."

Akina mama wa soko wakashangilia. Mimi machozi yakanitoka bila kuniomba ruhusa. Kumbe kulikuwa na jibu lingine. Siku ile mashineni jibu hilo halikunijia kabisa.

Mwalimu Festo akanipa leso. Uso wake uling'aa kama wa mtoto aliyefaulu.

"Nilikwambia utaipenda."

"Ni nzuri," nilisema.

Na ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililoniuma. Ingekuwa mbaya, ningekuwa na pa kuiweka hasira yangu.

Nje jua lilinichoma macho. Nikamwambia Mwalimu anisubiri, nikarudi kwa Gidahosh. Alikuwa anafuta deki kwa pamba.

"Gidahosh, mkanda huu ni wa lini?"

"Mpya, dada. Nimeupokea juzi."

"Umepokea juzi. Walitengeneza lini?"

"Hapo sijui. Mingine inakaa kabatini miaka mingi mpaka mwenyewe apate fedha ya kuisambaza." Akanitazama. "Umeipenda sana, siyo? Nitairudia Jumatano."

Kifua changu kikashuka. Kabatini miaka mingi. Basi ndivyo. Aliigiza kabla, katika safari zake, akaficha, kisha akaenda machimboni akafa kama watu wengine. Amebaki marehemu mwaminifu. Nilijikuta namshukuru Mungu kwa kifo cha mume wangu, na sikujishangaa.

Tukaondoka, Mwalimu akisimulia filamu upya kana kwamba mimi nilikuwa Singida. Tukapita mbele ya ofisi za serikali. Pale kuna kibao. Waliandika juu yake neno MANYARA kwa rangi nyeupe, lakini fundi alibana rangi, na chini yake neno ARUSHA bado lilikuwa linachungulia.

Nikasimama.

Sisi tulilala mkoa wa Arusha, tukaamka mkoa wa Manyara. Hiyo ilikuwa mwaka 2002. Misa ya Ignasi ilisomwa mwaka 2000.

Marehemu angejuaje kama tuna mkoa mpya?

"Gaude, mbona umesimama?"

"Nasoma," nilisema.

"Unasoma nini?"

"Kibao."

Mwalimu akacheka. Alidhani bado niko kwenye utani wa nailoni. Akaniambia kesho, baada ya misa, tangazo la tatu likishasomwa, twende wote Endasak tukamwamkie Mama Getruda. Amemnunulia kitenge. "Ni mama yako wa zamani," alisema. "Hatuwezi kuoana kama wezi."

Huyo ndiye mwanamume niliyekuwa naenda kumharibia maisha.

Asubuhi yake sikumsubiri. Padri alipokuwa anasoma jina langu na la Festo mbele ya waumini kwa mara ya tatu, na kuuliza kama yupo anayejua kizuizi, mjua kizuizi alikuwa juu ya lori, amekalia magunia ya ngano, anaelekea Endasak.

Njiani nilipanga maneno. Nilianza na ya kawaida, nikamalizia na yale ambayo gazeti hili haliwezi kuchapa. Sikujua nitamwambia nani. Nilijua tu kwamba mama aliyelia vile ama alidanganywa kama mimi, ama alistahili kuwa kwenye mkanda yeye mwenyewe.

Mama Getruda alikuwa uani, anaanika mahindi kwenye turubai. Cherehani yangu niliiona kupitia mlangoni, imefunikwa kwa gunia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanyanyua macho. Akaniona usoni. Mahindi yakamdondoka mkononi.

"Amepita na kwako?" akauliza.

Nilikuwa sijasema neno. Sijataja jina la mtu yeyote.

"Nani, mama?"

Akajishika mdomo. Amechelewa.

"Nani amepita, mama? Marehemu?"

"Gaude, mwanangu, kaa chini."

"Sikai. Tangu lini unajua?"

"Usipaze sauti."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka juzi," alisema. "Alikuja mara moja, akaondoka kabla watu hawajamwona. Nililia, Gaude. Safari ile nililia kweli."

"Na ya kwanza?"

"Hata ya kwanza nililia kweli! Nilikuwa sijui!" Akanikazia macho yenye maji. "Wewe unadhani mbuzi walinifariji?"

"Sijui, mama. Hukunirudishia mmoja nimuulize."

Aliinamisha kichwa. Nilikuwa na maneno mengine mengi tayari, yote yamenolewa. Lakini akanikatiza.

"Yuko ndani," alisema. "Nilimtumia salamu kwa dereva wa basi. Nilimwambia, mkeo anaolewa, njoo useme uko hai au ukae umekufa moja kwa moja. Amefika jana."

Mlango wa ndani ukasukumwa. Akatoka. Ndevu zilezile. Amekonda kuliko kwenye televisheni. Akasimama mbele yangu bila kujua aweke wapi mikono, na nikaona kwamba bila sinia hajui kusimama.

"Gaude."

Miaka yote nilijua nitakachomwambia siku ya ufufuo. Nilichosema ni hiki:

"Unachekesha."

Akashangaa.

"Nimekuona kwa Gidahosh," nilisema. "Unachekesha sana. Ndani ya nyumba yangu hukunichekesha hata siku moja. Uliniwekea ukimya, Dar ukawapelekea utani. Nilikukosea nini?"

"Siyo utani wangu," alisema.

"Wa nani?"

"Wa Tluway."

Nikamtazama.

"Kule machimboni alikuwa anatuchekesha mpaka tunasahau njaa. Habari za maua na mbuzi, zake. Matanga ya maharage, yake. Ile ya nailoni aliisema siku alipopata viatu vipya, akatembea navyo mguuni bila kuvitoa kwenye nailoni. Mimi nilibadilisha tu viatu nikaweka mkoa." Akaokota punje ya mahindi chini. "Wenye filamu waliniuliza kama nina vichekesho. Nikawapa vyake. Sikuwa na kingine cha maana alichoniachia."

Nikakaa juu ya mahindi ya Mama Getruda, na hakunikemea.

Nilikuwa nimeshika mbavu kwa Gidahosh, nimecheka mpaka nimelia, na aliyenichekesha alikuwa mdogo wangu. Ningejuaje? Alikuwa na miaka kumi na tisa alipoondoka. Nyumbani utani wake ulikuwa wa kuigiza jogoo.

"Alikufaje?" niliuliza.

"Siku ile hakutaka kushuka. Alisema kichwa kinamuuma. Nikamwambia acha uvivu, shemeji, shuka. Tukashuka wote. Nikapanda kufuata maji. Nikasikia ardhi inanguruma." Alisema yote hayo akitazama mikono yake. "Watu walihesabu waliokuwa chini, wakanihesabu na mimi. Nikawaacha wahesabu. Ningerudi vipi, Gaude? Ningefika mlangoni kwako nikwambie nini? Nilikimbia."

"Ukaniacha nikulilie pamoja naye."

"Niliona afadhali unililie kuliko unichukie."

"Ulipanga vizuri," nilisema. "Na aliyeomba kunioa ulimpangia nini?"

Na hapo ndipo niligundua jambo lililoniudhi kuliko yote: hasira niliyokuja nayo juu ya magunia ilikuwa haitoshi. Nilikuwa nataka kumpiga, na nilikuwa nataka anieleze utani mwingine wa Tluway. Vyote viwili, kwa wakati mmoja.

"Nasikia ni mtu mwema," alisema polepole. "Huyo mwalimu."

"Ni mwema kuliko wewe."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja. Ukitaka niende kwa padri niseme niko hai, nitaenda. Ukitaka nirudi Dar nife, nitakufa vizuri. Sema wewe."

"Wewe!" Mama Getruda alimgeukia. "Umemzika mara moja, sasa unampa jembe ajichimbie mwenyewe?"

Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, nilikubaliana na mama mkwe wangu.

Nikasikia pikipiki.

Ilikuwa pikipiki ya mratibu elimu kata, ile inayokohoa kila ikipanda kilima. Juu yake, shati jeupe la kanisani, vumbi mpaka kwenye nyusi, alikuwa Mwalimu Festo. Kifurushi cha kitenge kimefungwa nyuma kwa mpira.

"Gaude! Kanisa zima wanakutafuta!" Hakuonekana kukasirika. Alionekana mtu aliyepata alichokuwa anatafuta. "Nikajua tu. Nikasema, ametangulia kumwandaa mama. Tangazo limesomwa, hakuna aliyepinga. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Mama Getruda alisema, kwa sauti ndogo.

Mwalimu akamgeukia Ignasi ampe mkono. Akasita. Akasogea. Akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule.

"Haiwezekani," alisema.

Nikainuka kutoka kwenye mahindi.

"Haiwezekani! Mhudumu!" Mwalimu akaudaka mkono wa Ignasi kwa mikono yake yote miwili, akautikisa kama anayevuta maji ya pampu. "Bosi, bado uko kwenye nailoni! Jamani! Gaude, umemjua? Ndiye huyu!"

"Nimemjua," nilisema.

"Mama, mgeni huyu ni wa hapa?"

Mama Getruda aliniangalia, akamwangalia mwanawe, akayaangalia mahindi. "Ni wa ukoo," alisema.

"Wa ukoo wa marehemu! Basi ni shemeji!" Mwalimu alicheka kwa furaha mpaka akafuta jicho. "Na jana Gaude anakaa pale anacheka, haniambii kitu. Huyu mwanamke ana siri! Kaka, hujui ulichonifanyia. Nimemfahamu mwaka mzima, sijawahi kumsikia akicheka vile. Nilitoka pale nikasema, nikimpata mhudumu yule nitampa jogoo."

Mkono wa Ignasi wenye kidole kifupi ulikuwa umefungwa ndani ya viganja vya Mwalimu.

"Nisikilize, shemeji," Mwalimu akaendelea. "Ndoa yetu ni Jumamosi inayokuja. Hatuna MC. Nilikuwa nimpe kazi hiyo mwalimu mwenzangu, lakini yule hachekeshi hata darasani. Njoo wewe. Simama mbele ya watu, mchekeshe bibi harusi wangu kama ulivyomchekesha jana. Ni hilo tu ninaloomba. Utakuja?"

Upepo wa mlimani ulipita ukainua pembe ya turubai. Mama Getruda akaikanyaga kwa mguu, bila kuiangalia.

"Mimi nitafanya atakalosema bibi harusi," Ignasi akasema. "Akisema nije, nitakuja. Akisema niondoke, naondoka leo, na hamtaniona tena hata kwenye mkanda."

Mwalimu alipasuka kicheko. "Mwone! Anaigiza hata hapa!" Akanigeukia, vumbi usoni, meno yote nje. "Haya, Gaude. Mjibu mwenzako, anakungoja wewe."

Wote watatu wakanitazama. Mwalimu Festo alikuwa bado anacheka, na bado ameushika mkono wa mume wangu.